Lango la Bahari, Nafasi ya Mto

Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, upepo mkali wa kaskazini-magharibi uliyasukuma maji ya Bahari ya Kaskazini mpaka pwani ya Uholanzi. Kilikuwa kipindi cha bamvua, kwa hiyo dhoruba iliikuta bahari imekwisha kujaa. Matuta yakameguka, maji yakaingia vijijini, na watu 1,836 wakafa. Robo ya nchi hiyo iko chini ya usawa wa bahari. Kuhama halikuwa jambo la kuzungumzwa.

Katika miongo iliyofuata Waholanzi walijenga mfululizo wa mabwawa na malango ya kuizuia bahari. Linalonistaajabisha zaidi ni Maeslantkering, lililokamilika mwaka 1997 kwenye njia ya meli zinazoingia Rotterdam. Bandari hiyo haiwezi kuzibwa, maana meli hupita usiku na mchana. Wahandisi wakaunda milango miwili ya chuma, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 210 na kimo cha mita 22. Siku za kawaida hukaa ndani ya vyelezo vilivyochimbwa ukingoni, mmoja ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile. Kompyuta hufuatilia utabiri wa upepo na maji. Ikikokotoa kwamba maji yatafika mita 3 juu ya usawa wa kawaida, vyelezo hujazwa, milango huelea, kisha husukumwa polepole hadi ikutane katikati.

Ufundi wenyewe uko hapo. Milango hiyo ina uwazi ndani, na maji yakiruhusiwa kuingia, inakuwa mizito na kuanza kuzama. Inapokaribia chini, mkondo unaopenya katika upenyo uliobaki hushika kasi na kufagia tope, hivyo milango hutua mahali safi. Nguvu yote ya bahari hupitia mikono mirefu ya chuma hadi kwenye tufe lenye kipenyo cha mita 10, linalozunguka kama kiungo cha bega. Dhoruba ikipita, maji ya ndani hutolewa kwa pampu na milango huelea tena. Desemba 21, 2023, mfumo huo ulijifunga wenyewe kwa mara ya kwanza kwa sababu ya maji kupanda.

Mito ni shauri jingine. Mwaka 1995 maji yalikuja kutoka bara, na Waholanzi wapatao 250,000 wakahamishwa. Lango la baharini halizuii mafuriko ya namna hiyo. Dawa ya karne nyingi ilikuwa kupandisha matuta, lakini mto uliobanwa huinua maji yake, na tuta refu likibomoka huleta maafa makubwa zaidi. Ndipo ulipokuja mpango wa kuipa mito nafasi. Huko Nijmegen, mto Waal unapojipinda na kuwa mwembamba, tuta lilirudishwa nyuma mita 350 na mkondo wa pili ukachimbwa. Kina cha mafuriko hapo kilipungua kwa zaidi ya sentimita 30. Nyumba zipatazo 50 ziliondolewa.

Kwangu mimi, hizo nyumba 50 ni kazi ngumu kuliko chuma chote cha Rotterdam, kwa kuwa mwenye nyumba anaombwa aupishe mto ili mji mzima uokoke.

Dar es Salaam inakabiliwa na jambo hilohilo. Bonde la Msimbazi hufurika, barabara ya Jangwani hufungwa na mabasi hukwama. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na washirika wengine, unakusudia kuupanua mto, kujenga daraja jipya Jangwani, kuwahamisha wakazi kwa fidia na kuacha bustani ya jiji inayoweza kupokea maji. Upana wa mto unaweza kukokotolewa ofisini. Lakini kama fidia haitoshi kununua kiwanja mahali pakavu, aliyehamishwa atarudi bondeni kujenga, na ile nafasi ya mto itajaa nyumba upya.