Klachi nyepesi: mtaji usilale rafuni

KATIKA biashara ya vipuri vya pikipiki, bidhaa inayong'aa si lazima iwe ndiyo inayotembea. Hilo ndilo la kupimwa na mfanyabiashara wa Mshangano, mjini Songea, anayefikiria kuweka dukani silinda mpya za klachi ya mafuta kwa ajili ya pikipiki kubwa za safari, ambazo wenyewe hulalamikia ugumu wa leva.

Malalamiko hayo yana msingi. Msafiri atokaye Makambako hupita Njombe, kisha hukabiliana na kona za milima ya Lukumburu kabla ya kuingia Songea. Akiendelea Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hukuta milima ya Umatengo. Kila kona kali na kila lori linalopanda taratibu humlazimu kubana klachi na kubadili gia. Leva ikiwa ngumu, mkono wa kushoto huingia ganzi, na mwenye mkono wa ganzi hubadili gia kwa kuchelewa. Kwenye mteremko, hiyo si kero tu, ni hatari.

Hata hivyo, kabla ya kumuuzia mteja huyo silinda mpya, ni vema mwenye duka na fundi wake wakaelewa kinachouzwa hasa.

Nguvu hununuliwa kwa mwendo

Pikipiki kama Honda ST1100, Honda Gold Wing GL1500 na Yamaha FJR1300 hazitumii waya kwenye klachi. Leva husukuma pistoni ndogo katika silinda ya juu, kwenye usukani. Mafuta hupita kwenye hosi na kusukuma pistoni kubwa zaidi katika silinda ya chini, kwenye injini, nayo huachanisha pleti za klachi kwa kushinda nguvu ya springi.

Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal tangu karne ya 17: msukumo wa kimiminika kilichofungiwa huenda sawa kila upande. Kwa hiyo pistoni ya chini ikiwa pana zaidi, leva huwa nyepesi zaidi. Lakini pistoni hiyo pana hudai mafuta mengi zaidi ili isogee kiasi kile kile, na leva haina mafuta ya ziada ya kutoa.

Tuseme silinda ya chini ina pistoni ya milimita 27, ikabadilishwa kuwekwa ya milimita 30. Nguvu ya kubana leva hupungua kwa asilimia 19. Papo hapo, mwendo wa pistoni nao hupungua kwa asilimia 19: iliyokuwa ikisogea milimita 2 sasa husogea milimita 1.6 tu. Fundi akiongeza manjonjo kwa kupunguza pistoni ya juu kutoka milimita 14 hadi 13, unafuu wa jumla hufika asilimia 30, na mwendo hubaki milimita 1.4.

Hapo ndipo ugomvi na mteja unapoanza. Mwendo usipotosha, pleti haziachani vizuri. Gia huingia kwa kishindo, nyutro haipatikani pikipiki ikiwa imesimama, na chombo hutaka kwenda mbele hata leva ikiwa imebanwa yote. Mteja alilipia wepesi, akapewa klachi isiyokata.

Wapo pia wanaotafuta wepesi kwa kuweka springi laini au kukata zile za zamani. Leva hulegea kweli, lakini pleti hazishikani tena sawasawa. Pikipiki ikibeba abiria na mizigo kupanda mlima, klachi huteleza, pleti huungua, na bei ya pleti humeza fedha yote iliyookolewa.

Ukaguzi kabla ya mauzo

Ugumu wa leva mara nyingi hautokani na silinda ndogo bali na uchakavu na uchafu. Fundi makini huanza na vitu vya bei ndogo. Kwanza ni boliti ya leva: hufunguliwa, husafishwa na kupakwa grisi. Pili ni umbali wa leva kutoka kwenye usukani, ambao kwenye pikipiki nyingi za aina hii hurekebishwa kwa kuzungusha kigurudumu kidogo. Mwenye vidole vifupi hupata nafuu bila kununua kitu.

Tatu ni silinda ya chini. Kwenye pikipiki za cheni mara nyingi huwa karibu na sproketi ya mbele, mahali panapokusanya grisi ya cheni pamoja na vumbi. Pistoni ikikwama kwa uchafu au kutu, leva huwa nzito na huchelewa kurudi. Kusafisha na kuweka sili mpya hurudisha hali ya awali.

Nne ni mafuta yenyewe. Mafuta ya breki ya DOT 4, yanayotumika pia kwenye klachi nyingi za aina hii, hunyonya unyevu wa hewani. Yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 155. Maji hayo huleta kutu ndani ya silinda. Watengenezaji wengi huelekeza yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kila yanapobadilishwa ni lazima kutoa upepo.

Kosa moja linaweza kumtia fundi hasarani. Si kila klachi hutumia mafuta ya breki. BMW R1200GS za mwaka 2004 hadi 2012 hutumia mafuta maalumu ya madini kwenye klachi. Ukitia DOT 4 humo, sili huvimba na kuharibika, na silinda zote mbili huweza kuhitaji kubadilishwa. Maandishi ya kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta yasomwe kabla ya kufungua chupa.

Hesabu ya duka

Soko la kila siku la Songea haliko kwa wasafiri wa pikipiki kubwa. Liko kwa bodaboda, ambazo usafirishaji wake wa abiria uliwekewa kanuni za leseni mwaka 2010. Boxer, TVS na pikipiki za Kichina zinazofanya kazi hiyo hutumia waya wa klachi. Waya hukauka, hukatika nyuzi na hujikunja karibu na usukani. Dawa yake ni kuulainisha kwa oili, kuunyoosha njia yake, kurekebisha nafasi ya leva na, ukichakaa, kuubadilisha. Dereva wa bodaboda hubana klachi siku nzima. Unafuu wa mkono wake ni biashara inayojirudia.

Chukua mfano wa mtaji wa shilingi 600,000. Ukiwekwa wote kwenye silinda moja ya pikipiki kubwa yenye faida ya asilimia 30, ikauzwa mara moja kwa mwaka, faida ni shilingi 180,000. Ukiwekwa kwenye waya, leva, grisi na mafuta kwa faida ya asilimia 10 tu, bidhaa zikaisha kila baada ya miezi 2, faida kwa mwaka ni shilingi 360,000. Kodi ya pango na ushuru havijatolewa katika hesabu zote mbili, lakini tofauti inaonekana.

Kwa upande wa pikipiki kubwa, njia salama ni kuuza kwa oda. Mteja alipe malipo ya awali, namba ya modeli na mwaka wa pikipiki viandikwe, ndipo mzigo uagizwe. Dukani vibaki vinavyomwokoa msafiri aliyekwama: DOT 4, mpira wa kutolea upepo, na grisi. DOT 4 inunuliwe kwenye chupa ndogo, kwani chupa iliyofunguliwa ikakaa muda mrefu si bidhaa tena.

Waya na leva zikaguliwe kabla ya kupokelewa kutoka Kariakoo au kwingineko, na risiti itunzwe. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mzigo ukikamatwa hasara humwangukia aliyekutwa nao.

Anayetaka kuwekeza kwenye gereji badala ya duka naye azingatie hilo hilo. Kusafisha silinda, kubadili mafuta na kulainisha waya huhitaji spana, muda na uangalifu zaidi kuliko mtaji. Mteja akiondoka Mshangano na leva nyepesi kwa gharama ya grisi na chupa moja ya mafuta, siku atakapohitaji pleti au silinda kweli atajua pa kurudi. Haba na haba hujaza kibaba.