Baa Bila Bia: Namna ya Kukaa Mezani na Soda Yako

Mara ya kwanza kuingia baa hapa Marekani niliomba soda nikaletewa maji. Ilikuwa Louisville, Kentucky, kwenye barabara ya Bardstown, na nilikuwa nimetimiza miaka 21 miezi miwili tu iliyopita. Nilimwonyesha baunsa pasipoti, akaigeuza-geuza kama mchungwa wa sokoni, akaniruhusu. Nikafika kaunta, nikasema "soda" kwa kujiamini kabisa. Jamaa akanijazia glasi maji ya gesi, akatia kipande cha ndimu na mrija. Hakuna sukari, hakuna rangi. Nikanywa hivyo hivyo kama dawa, maana niliona aibu kuuliza.

Baadaye nikaelewa kwamba jamaa hakukosea. Kaunta za huku, ukisema soda tu, wengi huelewa maji ya gesi yale wanayochanganyia vodka. Ukitaka kitu kitamu utaje jina lake: Coke, Sprite, ginger ale. Nilipohamia Columbus, Ohio, kwa masomo ya juu nikakuta soda inaitwa pop, na kwa dada yangu Buffalo, New York, ni pop vile vile. Naandika haya kwa ajili ya wale wageni wa muhula huu ambao hawanywi, au hawanywi usiku huo, lakini hawataki kubaki chumbani kila Ijumaa wakiangalia ukuta.

Tatizo ni kwamba tunakuja na picha ya baa ya nyumbani. Kwetu, iwe Sinza au Nairobi, watu wengi baa wanafuata nyama. Mnaagiza kilo, mnasubiri saa nzima, mnanawa mikono, mpira uko kwenye TV, na mezani kuna Fanta na Stoney Tangawizi kati ya chupa za bia bila mtu kushangaa. Mlokole yupo, Mwislamu yupo, dereva wa wote yupo. Utataniwa kidogo, halafu mazungumzo yanaendelea. Huku baa nyingi hazina nyama ya kusubiri. Watu wamesimama, muziki uko juu, na kitu pekee cha kufanya na mikono yako ni kushika glasi. Ndiyo maana asiyekunywa hujisikia kama amekuja msibani bila kumjua marehemu.

Basi usiende? Mimi muhula wa kwanza wa Columbus sikwenda. Kila Ijumaa wenzangu wa idara walikuwa wakienda baa moja High Street saa kumi na moja jioni, wakati bei ziko chini, na mara nyingine maprofesa walipitia. Nilijisemea hayo si mambo yangu. Kufika Desemba nikagundua kwamba makundi ya kusomea mtihani yalipangwa pale, na mtu aliyepata nafasi ya usaidizi wa utafiti aliisikia pale mezani kabla haijatangazwa. Hakuna aliyenificha. Mimi tu sikuwepo. Tangu hapo naenda, nakaa saa moja na nusu, naondoka.

Kabla ya mengine, sheria, maana hapa hakuna mchezo. Nyumbani mtu wa miaka 18 ni mtu mzima mbele ya kaunta. Huku ni 21. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyapunguzia fedha za barabara majimbo yatakayokataa umri huo, na majimbo yote yakasalimu amri. Baadhi ya baa huwaruhusu wa miaka 18 kuingia na kuwapiga alama mkononi, nyingine hazitaki hata kukuona mlangoni, kwa hiyo uliza kabla hamjapanga. Usitembee na pasipoti kama mimi. Kachukue kitambulisho cha jimbo, maana pasipoti ikipotea baa utaitafuta ubalozini.

Na gari. Kiwango cha kukamatwa ni asilimia 0.08 ya pombe kwenye damu, na kwa aliye chini ya miaka 21 ni 0.02 katika majimbo haya yote matatu, yaani hata bia moja inaweza kukuponza. Mmarekani mwenzako akikamatwa atalipa faini na mwanasheria. Wewe una kingine cha kupoteza. Tangu 2015, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inaweza kufuta viza ya mtu kwa sababu tu amekamatwa akiendesha amelewa, hata kabla mahakama haijasema neno. Siku ukienda nyumbani kumzika mzazi, kurudi ni ombi jipya la viza na vipimo vya daktari. Kwa hiyo anayekunywa soda ndiye mtu mwenye thamani kuliko wote kwenye gari lile. Baa nyingi humpa dereva wa kundi soda bure akijitambulisha. Ila usikubali kuwa dereva wa kudumu. Mara mbili ni undugu, mara ya tano wameshakufanya teksi.

Sasa uagize nini? Louisville ni nchi ya bourbon, karibu yote ya dunia hutoka Kentucky, na utadhani hakuna kingine. Kipo. Uliza Ale-8-One, soda ya tangawizi ya chupa ya kijani, inayotengenezwa Winchester, Kentucky, tangu 1926. Haiwashi kama Stoney, lakini ni binamu yake. Kwa jumla, root beer na ginger beer, licha ya majina yao, ni soda. Lakini cider uwe macho: kwenye baa ni pombe ya matufaa, ingawa sokoni wakati wa vuli jina hilo hilo ni juisi tu. Ukiona neno hard mbele ya kinywaji chochote, ujue ni kilevi. Vinywaji vile vya kuchanganya visivyo na pombe navyo uviulizie kama vina bitters, kwa sababu matone yale yana pombe nzito, Angostura ina asilimia 44.7. Na huko Kentucky bourbon huingia hata kwenye mchuzi wa nyama na peremende za chokoleti. Kwa mwenye kujali uharamu wa kitu chenyewe, si ulevi tu, kuuliza si usumbufu.

Nikiwa Louisville nilipenda kupita baa zile nikitokea upande wa Baxter Avenue, kwa sababu hapo ndipo lango la makaburi ya Cave Hill, alikozikwa Muhammad Ali mwaka 2016. Mtoto wa mji wa bourbon, Mwislamu, na hakuna mtu duniani aliyesema amepooza.

Bia zisizo na kilevi ni habari nyingine. Nyumbani tulizizoea, Bavaria kwa mfano, na Kenya kulikuwa na Alvaro iliyotoka 2008. Huku siku hizi ziko nyingi: Heineken 0.0, Guinness 0.0, na Athletic ambao walianza 2017 na hawatengenezi aina nyingine kabisa. Lakini soma kopo. Kisheria huku, bia ikiwa chini ya asilimia 0.5 inaruhusiwa kuitwa isiyo na kilevi. Hiyo haitamlewesha mtu, ila si sawa na sifuri. Faida yake ni kwamba hakuna anayekuuliza swali, umeshika chupa kama wenzako. Kwa aliyeacha pombe kwa taabu, mimi naona afadhali Coke. Ladha ile ile, chupa ile ile, meza ile ile, unajitafutia nini?

Swali lenyewe: "Kwa nini hunywi?" Wamarekani, nisiwasingizie, huuliza mara moja. Unajibu "leo sinywi", wanasema sawa, mnaendelea. Sisi kwa sisi ndio hatuachi. "Kaka, bia moja inaua?" "Umeokoka lini?" "Au mke kakukataza?" Nilikuwa kwenye sherehe ya Waafrika Mashariki hapa Columbus, kuna mwenzetu alikuwa ameacha pombe kwa amri ya daktari na hakutaka kutangaza ini lake mbele ya watu. Walimfungulia bia mara tatu. Mara ya tatu alisimama, akasema anakwenda msalani, hatukumwona tena usiku ule wala kwenye sherehe iliyofuata. Tulipoteza mtu mwema, na mchezaji wetu bora wa karata, kwa sababu ya ukarimu wa kijinga. Mwenyeji unaweza kuweka soda baridi kwenye barafu ile ile ya bia, si ile Sprite moja ya moto iliyofunguliwa tangu juzi.

Fedha nazo. Mtindo wa kugawana bili sawa kwa sawa utakuumiza: wewe umekunywa Coke mbili, wao wamekunywa bourbon nne. Mwambie mhudumu tangu mwanzo bili yako iwe peke yake, hakuna atakayekasirika. Lakini acha tipu, hata kwa soda, angalau dola moja kila glasi. Yule mtu wa kaunta mshahara wake ni hizo tipu. Sisi tuliobeba maboksi tunajua.

Na saa. Columbus baa hufungwa saa nane na nusu usiku, Buffalo na baadhi ya zile za Louisville huendelea hadi saa kumi alfajiri. Hizo saa si zako. Kuanzia saa tano usiku kila hadithi inasimuliwa mara ya pili, na wewe peke yako ndiye unayejua. Chagua usiku wenye kazi: karaoke, pool, au mashindano ya maswali na majibu katikati ya wiki. Hayo ya maswali nayapenda. Mtu mwenye akili timamu saa tatu usiku anayejua mji mkuu wa Burkina Faso hugombewa na timu zote.

Kuna wenzetu ambao kukaa tu kwenye meza inayozungushwa pombe ni kosa katika dini yao. Hao siwashawishi. Columbus ina jamii kubwa ya Wasomali, na kaskazini ya mji, maeneo ya Morse Road na Cleveland Avenue, utapata chai ya viungo, sambusa na mabishano ya mpira kama uko Eastleigh. Halafu ajabu ni kwamba mwendo mfupi tu kutoka hapo ndiyo Westerville, mji uliokuwa makao ya chama kilichopigania pombe ipigwe marufuku Marekani nzima kuanzia 1920. Mwaka 1875 walilipua baa kwa baruti, na hawakuuza tena kinywaji kihalali hadi 2006.

Lakini meza iliyonikumbusha nyumbani nimeikuta Buffalo. Mabawa ya kuku yenye pilipili yalianzia huko, Anchor Bar, barabara ya Main, mwaka 1964, na mpaka leo baa za mji ule ni za kula kwanza. Dada aliniagizia loganberry, kinywaji cha zambarau kisicho na gesi, kilichotoka kwenye bustani ya michezo ya Crystal Beach ng'ambo ya pili huko Kanada. Bustani ilifungwa 1989, kinywaji kimebaki. Kina rangi ya Vimto na kinamtamanisha mtu barafu hata Januari. Tulikuwa sita, Wakongo wawili, Mganda, sisi wengine Watanzania, kapu la mabawa katikati, vidole vyekundu, theluji nje hadi magotini. Wawili walikunywa bia. Mpaka naandika haya sikumbuki vizuri ni wepi.