Risasi Nyingi au Makombora Machache?

Katika mapambano ya angani juu ya Uingereza mwaka 1940, rubani wa ndege ya propela aina ya Spitfire alikuwa na bunduki nane za rashasha, zenye risasi za kutosha sekunde 15 hivi tu. Adui aghalabu alikaa shabahani kwa sekunde mbili au tatu. Je, zipi bora: risasi nyingi nyepesi, au makombora machache mazito?

Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi. Risasi ya milimita 7.7, yenye gramu 11, ilitoka mtutuni kwa meta 740 kwa sekunde: jouli 3,000 hivi. Kombora la mzinga wa Hispano wa milimita 20, lenye gramu 130 na kasi ya meta 860, lilibeba jouli 48,000. Tena mengine yalijazwa baruti. Bunduki nane zilitoa risasi zipatazo 160 kwa sekunde, mizinga miwili makombora 20 tu. Hata hivyo nishati ya mizinga ilikuwa maradufu. (Mwanafunzi na azidishe mwenyewe.)

Kikosi cha 19 kilipopewa Spitfire za mizinga mwaka huohuo, mizinga ilikuwa imelazwa ubavu ili ienee katika bawa jembamba, ikawa inakwama mara kwa mara. Mmoja ukikwama, msukumo wa nyuma wa mwenzake uliipotosha ndege shabaha. Marubani wakaomba bunduki zao nane, wakarudishiwa mwezi Septemba. Mwaka 1941, kasoro hizo zikiwa zimepungua, Spitfire mpya zilibeba mizinga miwili pamoja na bunduki nne.