Nani Ameifunga Redio? Wi-Fi Inapokataa Amri za Linux

Wi-Fi ya laptopu ni redio kamili. Ndani ya mashine mna kadi ndogo inayorusha na kupokea mawimbi, na nyaya nyembamba zinazopanda kupitia bawaba hadi kwenye antena zilizofichwa kandokando ya kioo. Redio yoyote inayorusha mawimbi lazima iwe na njia ya kuizima, na njia hiyo ndiyo inayowahangaisha watumiaji wengi wa Linux. Mtu anawasha kompyuta, alama ya mtandao imefifia. Anabofya kuiwasha Wi-Fi, kimya. Anaandika amri ya kuiamsha kadi, na kerneli, yaani kiini cha Linux, inamjibu kwa sentensi moja: "Operation not possible due to RF-kill". Yaani jambo hilo haliwezekani kwa kuwa redio imezimwa.

Wengi wakifika hapo huamua kwamba kadi imekufa. Wapo wanaofuta mfumo mzima na kuuweka upya, wapo wanaokwenda dukani kununua kadi nyingine. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Redio imefungwa tu, na swali la kuuliza ni nani ameifunga. Linux ina jibu la swali hilo, ila hulitoa kwa anayejua kusoma.

Swichi ilianzia wapi

Mwaka 2003 kampuni ya Intel ilitoa Centrino, mkusanyiko wa chipu ulioingiza Wi-Fi ndani ya laptopu za kawaida. Kabla ya hapo watu wengi walichomeka kadi ya Wi-Fi ubavuni mwa mashine, na kuizima redio kulikuwa kuichomoa. Redio ilipohamia ndani haikuchomoleka tena, ilhali abiria wa ndege walitakiwa kuzima kila kifaa kinachorusha mawimbi. Ilibidi watengenezaji waweke swichi ambayo mtu anaweza kuigusa na kuiona. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ililegeza masharti ya vifaa vya abiria mwaka 2013, na tangu hapo swichi hizo zimezidi kuadimika katika laptopu mpya.

Hata hivyo hazijatutoka mikononi. ThinkPad nyingi za zamani zina swichi ndogo ya kutelezesha, ama ukingo wa mbele ama ubavuni. Dell Latitude za kizazi cha E6400 na vilivyofuata zina ya ubavuni. HP EliteBook na ProBook zina kitufe chenye taa, na taa ikiwa ya rangi ya chungwa, redio imezimwa. Hizi ndizo mashine za ofisi ambazo zikishatumika Ulaya na kwingineko huuzwa tena Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ambako Wakenya huziita "ex-UK". Ni imara, bei yake inafikika, na Linux huzipa uhai wa miaka mingine kadhaa. Anayenunua mashine ya namna hiyo huenda hajawahi kuambiwa kwamba ina swichi ya redio, na swichi yenyewe huweza kusogea ndani ya begi bila mwenyewe kujua.

Makufuli mawili

Fungua dirisha la amri, andika `rfkill list`. Jibu hufanana na hili:

0: phy0: Wireless LAN
 Soft blocked: no
 Hard blocked: yes

Mistari miwili ya chini ndiyo moyo wa habari. "Soft blocked" ni kufuli la programu, na "Hard blocked" ni kufuli la maunzi. Chukulia lango lenye makufuli mawili, moja la mpangaji na jingine la mwenye nyumba: halifunguki mpaka yote mawili yafunguliwe, na mpangaji hana ufunguo wa kufuli la mwenzake. Amri ya `rfkill unblock all` inafungua kufuli la programu peke yake. Hata ukiwa na mamlaka yote ya msimamizi wa mfumo, hakuna amri ya rfkill inayofungua la maunzi. Ukiingia kwenye folda ya kifaa chochote ndani ya `/sys/class/rfkill/` utaona jambo hilo waziwazi: faili linaloitwa `soft` linaandikika, linaloitwa `hard` ni la kusomwa tu.

Utaratibu huu wa rfkill ulianzishwa na Ivo van Doorn, kisha Johannes Berg akauandika upya mwaka 2009. Toleo la awali lilionyesha hali moja tu kwa wakati, kwa hiyo kufuli moja lingeweza kulificha jingine. Sasa kila kufuli lina mstari wake, na mtumiaji haachwi akibahatisha.

Ikiwa "yes" iko kwenye mstari wa programu, kazi ni nyepesi: `rfkill unblock wifi`, basi. Ila ujue kwamba katika mifumo mingi ya Linux kuna huduma ya systemd inayokumbuka hali ya kufuli hilo. Ukizima Wi-Fi leo kisha ukazima kompyuta, kesho itaamka Wi-Fi ikiwa bado imezimwa. Hilo si hitilafu, mashine inafanya ulichoiagiza. Kazi kubwa huanza pale "yes" inapokaa kwenye mstari wa maunzi.

Waya mmoja wa volti 3.3

Kadi za Wi-Fi za aina ya mini PCIe, zilizotawala laptopu za miaka hiyo, zina pini 52. Ya 20 inaitwa W_DISABLE#, na alama ile ya mwisho inatuambia kwamba agizo lake hufanya kazi umeme unaposhuka. Katika hali ya kawaida rezista huivuta pini hiyo juu hadi volti 3.3, na redio inakuwa huru. Swichi ikifungwa, pini inaunganishwa na upande wa sifuri, volti inaanguka, na kadi inanyamazisha redio yenyewe bila kusubiri mfumo wowote wa uendeshaji. Kadi mpya zaidi, za M.2, zina pini mbili za namna hiyo: ya 56 kwa Wi-Fi, na ya 54 ambayo kwa kawaida ni ya Bluetooth.

Mpango huo una jambo la kumfaa fundi. Kwa kuwa hali ya asili ya pini ni kuwa juu, waya ukikatika redio hubaki wazi. Basi kadi yenyewe inaposema imefungwa kwa maunzi, kuna kitu kinachoishusha pini ile. Huenda ni swichi iliyotelezeshwa. Huenda ni uchafu au kutu ndani ya swichi. Huenda pia ni chipu ya usimamizi, ile inayoshughulikia kibodi, feni na betri, na inayoendelea kufanya kazi kwa kiasi fulani hata laptopu ikiwa imezimwa. Katika mashine nyingi swichi haifiki moja kwa moja kwenye kadi. Swichi humpa taarifa msimamizi huyo, naye ndiye huamua. Msimamizi huyo ana programu yake mwenyewe, na programu huweza kukwama.

Kwa sababu hiyo, tiba moja inayoonekana kama ushirikina ina msingi wa kisayansi. Zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi. Chaji iliyobaki kwenye bodi inaisha, chipu ya usimamizi inapoteza kumbukumbu yake ya muda, na ukiwasha tena inaanza upya kabisa.

Swichi ambayo haipo

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kufuli la maunzi halidanganyi. Kumbe huweza kudanganya. Kinachoandikwa na Linux ni ripoti, na ripoti ina mtoa ripoti. Wa kwanza ni draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, ambayo jina lake kwenye orodha huwa `phy0` au linalofanana nalo. Wa pili ni draiva ya laptopu yenyewe, inayozungumza na BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine. Kwenye HP huonekana kama `hp-wifi`, kwenye Dell `dell-wifi`, kwenye baadhi ya Lenovo `ideapad_wlan`. Watoa ripoti hao wawili wakipingana, umeshapata pa kuanzia.

Mfano ulio bora ni wa laptopu za Lenovo za familia ya IdeaPad na Yoga. Nyingi hazina swichi ya redio kabisa. Draiva ya `ideapad_laptop` ilikuwa ikiiuliza mashine, "Swichi iko katika hali gani?", na mashine isiyokuwa na swichi ilijibu sifuri kila mara. Katika lugha ya draiva ile, sifuri ilimaanisha redio imefungwa. Matokeo yake watu walikaa na Wi-Fi iliyozimwa na swichi ambayo haipo, wakiitafuta kila upande wa mashine wasiione. Waandishi wa kerneli walianza kwa kuweka orodha ya mashine zisizo na swichi ili draiva iziruke. Kila toleo jipya la laptopu lilidai kuongezwa, na orodha ikawa ndefu isiyo na mwisho.

Hatimaye wakageuza hoja nzima. Sasa draiva inachukulia kwamba swichi haipo, isipokuwa kwa mashine chache zinazojulikana kuwa nayo. Walipima madhara ya kukosea kwa kila upande. Ukisema redio imefungwa wakati iko wazi, umemnyima mtu mtandao. Ukisema iko wazi wakati imefungwa, ataona tu orodha tupu ya mitandao, na hilo ni dogo zaidi. Huu ndio uhandisi ninaouheshimu: unakiri kwamba makosa hayakwepeki, ukachagua lile lisilomuumiza mtumiaji.

Mwenye kerneli ya zamani anaweza kujaribu `sudo modprobe -r ideapad_laptop`. Wi-Fi ikirudi papo hapo, mwongo amejulikana. Kuweka kerneli mpya ndiyo tiba ya kweli. Kuizuia draiva hiyo moja kwa moja, kwa kuandika jina lake katika faili la `/etc/modprobe.d/`, kunawezekana pia, ila unaweza kupoteza baadhi ya vitufe maalumu vya kibodi.

Kupima badala ya kubahatisha

Kabla ya chochote, andika `lspci -k` uone kama kadi inatajwa na kama ina draiva. Kadi isipoonekana hapo, au ikionekana bila draiva, kwa kawaida tatizo lako si swichi, na habari za rfkill hazitakusaidia. Ikionekana, ipapase laptopu ukingo kwa ukingo, na utazame vitufe vya juu vya kibodi kutafuta alama ya antena au ya ndege, inayobonyezwa pamoja na Fn.

Kisha andika `rfkill event` na uache dirisha likiwa wazi huku ukiitelezesha swichi taratibu. Kila badiliko linalofika kwenye kerneli litaandikwa katika mstari mpya papo hapo. Mistari mipya ikitokea unapoitelezesha, swichi ni nzima na Linux inaisikia. Kadi nyingi za Intel pia huacha ushahidi kwenye kumbukumbu za kerneli. Andika `sudo dmesg | grep -i rf_kill`, na huenda ukakuta "RF_KILL bit toggled to disable radio", yaani kadi yenyewe imehisi pini ikishuka. Ukitelezesha mara kadhaa na usione mstari mpya wowote, shuku swichi yenyewe au chipu ya usimamizi.

Pita pia kwenye BIOS. HP EliteBook nyingi zina mpangilio unaoitwa LAN/WLAN Switching: waya wa mtandao ukichomekwa, Wi-Fi inafungwa. Mtu akiwa ofisini anaona Wi-Fi imekufa, akifika nyumbani imefufuka, na kosa si la Linux.

Yakishindikana yote, kifaa kidogo cha Wi-Fi cha USB hakipiti kwenye pini ya 20, hivyo swichi iliyokwama haiigusi redio yake. Wako mafundi wanaoifunika pini hiyo kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme. Kwenye kadi ya mini PCIe ni pini ya pili baada ya mkato, upande wa namba shufwa. Pini isipoguswa na kitu hubaki juu, na redio inafunguka. Njia hiyo inafanya kazi, lakini inakuondolea uwezo wa kuizima redio kwa mkono, na hiyo ni hasara. Swichi ya kweli inamhakikishia mwenye mashine kwamba hakuna programu, nzuri au mbaya, inayoweza kurusha mawimbi bila ridhaa yake. Kampuni ya Purism ya Marekani inaendelea kuweka swichi hizo kwenye laptopu zake za Linux kwa ajili ya faragha, nami naona inafanya vyema.

Kwa hiyo, mafundi na walimu wa kompyuta, wafundisheni vijana kusoma mistari miwili ya `rfkill list` kabla ya kuwafundisha kufuta mfumo. Nawe msomaji, ukiambiwa kadi yako imekufa, omba kwanza uonyeshwe mistari hiyo, na ujue imetoka kwa mtoa ripoti yupi. Usilipe kabla ya hapo.