Majirani wa Belfast Wasiosoma Pamoja

Asubuhi mjini Belfast, watoto wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti hupishana njiani, kila upande na sare yake na shule yake. Hakuna sheria inayowatenganisha. Wanaochagua ni wazazi wenyewe.

Jambo hili ni la zamani kuliko machafuko yaliyoitikisa Ireland Kaskazini kuanzia miaka ya 1960. Mwaka 1923, waziri wa kwanza wa elimu, Lord Londonderry, alileta sheria ya kuwasomesha watoto wote pamoja. Maaskofu Wakatoliki waliikataa. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yakaipinga.

Utengano huo hufika hadi uwanjani. Shule nyingi za Kikatoliki hucheza mpira wa Kigaeli, za Kiprotestanti raga na kriketi. Si lazima mzazi awe anamchukia jirani; anataka tu mwanawe akulie katika imani, historia na michezo ya kwao. Sababu hiyo inaeleweka. Lakini kijana anaweza kumaliza shule bila rafiki hata mmoja wa upande wa pili, na hasara hiyo ni kubwa mno.

Mwaka 1981, mabomu yakiwa bado yanalipuka, wazazi wachache walifungua Lagan College, shule ya kwanza iliyoanzishwa makusudi kuwachanganya watoto. Ilianza na wanafunzi 28. Leo ina zaidi ya 1,000, na shule za mseto zimefika takriban 70.

Hata hivyo, miaka mingi baada ya mkataba wa amani wa 1998, watoto tisa kati ya kumi bado wanasoma nje ya shule hizo.