Miwani ya Uhalisia Pepe: Kilichoichelewesha Kilikuwa Sikio la Ndani

Mwezi Agosti 2012, kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 19, Palmer Luckey, aliwaomba watu kupitia tovuti ya Kickstarter wamchangie dola 250,000 ili atengeneze miwani ya uhalisia pepe kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Mwezi mmoja baadaye zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni 2.4. Miwani ya majaribio ilitolewa mwaka 2013, na nyingine mwaka 2014. Bidhaa ya kuuziwa umma, iliyoitwa Oculus Rift, haikutoka hadi Machi 2016. Ikafuatwa na HTC Vive mwezi Aprili na PlayStation VR mwezi Oktoba mwaka huohuo. Wapenzi wa michezo walisubiri kwa hamu karibu miaka minne, na sehemu kubwa ya kilichowasubirisha haikuwa uhaba wa fedha wala udhaifu wa kompyuta. Ilikuwa ni mwili wa binadamu. Wengi waliovaa miwani ya awali walitokwa na jasho jembamba, wakasikia kichefuchefu, wakaivua.

Leo vifaa hivi vinauzwa madukani na vimeanza kuingia katika nyumba na vyumba vya michezo vya miji ya Afrika Mashariki. Muuguzi au tabibu ambaye hajawahi kuvigusa atakutana na mgonjwa aliyevitumia. Kwa hiyo inafaa kueleza ni nini hasa kinachotokea mtu anapovivaa.

Kifaa chenyewe hakina fumbo kubwa. Mbele ya macho kuna skrini, na kati ya skrini na macho kuna lenzi. Kila jicho huoneshwa picha iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, na ubongo huziunganisha na kuona kina, kama unavyofanya kila siku. Vihisio vidogo hufuatilia kichwa, na kichwa kikigeuka, picha nayo hugeuzwa. Hapo ndipo tofauti na televisheni ilipo: anayetazama televisheni akigeuza kichwa huona ukuta wa sebule, aliyevaa miwani hii akigeuza kichwa huona upande mwingine wa ulimwengu wa mchezo.

Ugumu unaanzia ndani ya sikio. Kila sikio la ndani lina mifereji mitatu ya nusu duara inayohisi kichwa kinapogeuka, pamoja na vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vinavyohisi mvutano wa ardhi na mwendo wa kwenda mbele au kupanda na kushuka. Habari zake hufika kwenye misuli ya macho kwa njia fupi sana ya neva, ndani ya takriban milisekunde 10, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Msomaji anaweza kujionea kazi hiyo sasa hivi. Akiushika ukurasa huu ukatulia na kutikisa kichwa kushoto na kulia upesi, herufi zitaendelea kusomeka. Akikituliza kichwa na kuutikisa ukurasa kwa kasi ileile, herufi zitavurugika. Katika hali ya kwanza sikio la ndani limeyaongoza macho. Katika ya pili macho yameachwa yafukuze peke yake, nayo ni mazito wa kukimbia.

Sasa fikiria picha inayochelewa. Mchezaji anageuza kichwa, macho yake yanarekebishwa papo hapo, lakini kompyuta inahitaji muda wa kupima mwendo, kuchora picha mpya na kuiwasha kwenye skrini. Katika muda huo ulimwengu unaonekana kuteleza. Wahandisi walijiwekea lengo la kupunguza ucheleweshaji huo hadi chini ya milisekunde 20. Kasi ya kuonesha picha ikapandishwa kutoka 60 kwa sekunde katika miwani ya 2013 hadi 75 katika ile ya 2014, kisha 90 katika ile iliyouzwa. Miwani ya 2013 ilikuwa na kasoro nyingine iliyo wazi zaidi: ilitambua kichwa kinapogeuka, lakini haikutambua kinaposogea. Mtu aliinama mbele kutazama kitu, vijiwe vya sikio vikaripoti kwamba ameinama, na macho yakaona kwamba hajasogea hata kidogo.

Kasoro hizo zimepungua sana, ila kuna moja ambayo skrini bora haiwezi kuiondoa. Mchezaji ameketi kitini, anasukuma kitufe, na katika mchezo anakimbia au anaruka kutoka ghorofani. Macho yanasema tunakwenda. Sikio linasema tumetulia. Ni kinyume cha abiria aliyekaa chini ya sitaha ya meli, ambaye sikio lake linahisi mawimbi huku macho yakiona ukuta usiosogea. Matokeo ni yaleyale. Ushahidi kwamba sikio la ndani ndilo shina la jambo hili ni wa zamani: tangu mwaka 1882 William James alieleza kwamba wengi miongoni mwa viziwi hawapati kizunguzungu wanapozungushwa, na baadaye ikathibitika kwamba mtu ambaye masikio yake yote mawili ya ndani hayafanyi kazi haugui ugonjwa wa mwendo, hata baharini.

Kwa nini tumbo ndilo lichafuke, wakati ugomvi ni wa macho na masikio? Mwaka 1977 Michel Treisman alipendekeza kwamba ubongo huichukua tofauti hiyo kuwa dalili ya sumu, kwa kuwa sumu nyingi huvuruga hisia kwa namna hiyo, na kutapika huiondoa. Ni dhana inayovutia, ingawa bado ni dhana.

Jeshi la Marekani lilikwisha kulijua tatizo hili tangu miaka ya 1950, katika vyumba vya kuigiza urukaji wa helikopta. Marubani wazoefu waliugua kuliko wanafunzi, jambo lililowashangaza wengi. Lakini ndivyo ilivyopaswa kuwa: mzoefu anajua mwili wake ungehisi nini kila helikopta inapoinama, na asipokihisi, tofauti kwake ni kubwa zaidi.

Macho nayo yana shida yao. Tunapotazama kitu kilicho karibu, macho hugeukia ndani na lenzi za macho hujikaza, na mambo haya mawili huenda pamoja. Ndani ya miwani hii, adui anaweza kuonekana yuko umbali wa mkono na macho yakageukia ndani, ilhali mwanga wa skrini umepangwa kuonekana unatoka umbali uleule usiobadilika. Misuli huamriwa mambo mawili yanayopingana, na malipo yake ni uchovu wa macho, ukungu na maumivu ya paji la uso. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa nafasi kati ya lenzi za miwani hailingani na nafasi kati ya mboni za mvaaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kwamba kutolingana huko ni sababu kubwa ya wanawake kuugua zaidi, kwa kuwa miwani mingi ilipimwa kwa uso wa mwanamume. Kwa watoto hali haiwezi kuwa nafuu.

Katika chumba cha daktari, basi, mgonjwa anaweza kulalamikia kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kuyumba. Katika nchi zetu malalamiko hayo huelekeza fikra kwenye malaria, na ni sawa kipimo kifanyike. Kipimo kikiwa hakioneshi vimelea na homa haipo, swali moja halina gharama: je, jana au leo ulivaa miwani ya michezo? Mara nyingi dalili zake hupungua ndani ya saa chache. Zikidumu kwa siku kadhaa, sikio moja likipoteza usikivu, au mtu akishindwa kutembea, tafuta sababu nyingine. Kuitupia lawama miwani hapo ni kosa la hatari.

Tiba ni kuacha mapema. Dalili ya kwanza, ambayo aghalabu ni joto la ghafla na mate kujaa mdomoni, ndiyo alama ya kuvua, kuketi na kutazama kitu kilichotulia mbali. Vijana hushauriana wavumilie hadi wazoee, lakini wanaozoea ni wale wanaocheza kwa dakika chache na kuacha kabla ya kuugua. Anayejilazimisha huweza kufika mahali ambapo kuiona miwani tu kunamchafua tumbo. Wala haifai kumeza dawa za kichefuchefu cha safari ili kuendelea kucheza. Nyingi huleta usingizi. Aliyetoka kucheza asipande pikipiki mpaka mwili utulie. Jeshi lina utaratibu kama huo kwa marubani wanaotoka kwenye mazoezi ya kuigiza.

Wapo ambao wanahitaji tahadhari zaidi. Wenye kifafa, hasa kinachochochewa na mwanga unaometameta, wasivae bila ushauri. Mwaka 1997 nchini Japani mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya mandhari moja ya kumetameta katika katuni ya televisheni, na hapa mwanga huujaza uwanja wote wa kuona. Mzazi wa mtoto mwenye mrija wa kupunguza maji ya ubongo, na mtu mwenye kidhibiti cha mapigo ya moyo, waulize kwanza, kwa sababu vifaa hivi vina sumaku. Na miwani inayopokezanwa usoni hubeba maambukizi. Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na Mombasa, chumba cha michezo chenye miwani moja na wateja ishirini kingekuwa mahali pa kuogopwa. Sehemu inayogusa ngozi ifutwe baada ya kila mtu, na mwenye jicho jekundu asikabidhiwe.

Lakini udanganyifu huuhuu una upande wa pili. Huko Seattle, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Hunter Hoffman na David Patterson wamewavisha wagonjwa wa majeraha ya moto miwani ya uhalisia pepe wakati vidonda vinaposafishwa. Katika mchezo wao uitwao SnowWorld, mgonjwa hupita katika bonde la theluji na kuwarushia ngwini mipira ya theluji. Umakini ambao ungekaa kwenye kidonda huvutwa kwingine; wagonjwa huripoti maumivu pungufu, na picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2004 zilionesha kwamba sehemu zinazoshughulikia maumivu hutulia kwa kiasi. Dawa za maumivu hazikuachwa. Mchezo uliongezwa juu yake. Na safari ya bondeni hufanywa polepole, kwa njia moja iliyopangwa, ili mgonjwa ambaye tayari ana mateso asiongezewe kichefuchefu.

Vifaa vya kwanza vya maabara ile viligharimu makumi ya maelfu ya dola. Oculus Rift ilipotoka mwaka 2016 iliuzwa dola 599. Waliosubiri mchezo kwa miaka minne ndio walioishusha bei hiyo, na wodi ya majeraha ya moto inayofikiria leo kununua kifaa kimoja inanunua kilekile wanachochezea.