Kazi ya Jeni ya STC1: Kutoka Figo za Samaki hadi Kanamkemer

Mnamo Septemba 2025, jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu jeni za Waturkana. Habari zake zilipoenea, ikawa rahisi kwa msomaji kuiita jeni mojawapo "jeni ya jangwani". Jina hilo linavutia, lakini lina mtego wa kiisimu. A-unganifu katika Kiswahili aghalabu hubeba maana ya kusudi: dawa ya malaria ni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya malaria, na maji ya kunywa ni maji yaliyotengwa kwa kunywewa. Anayesikia "jeni ya jangwani" yamkini ataelewa kwamba Mturkana ameumbiwa kuishi bila maji. Makala haya yananuia kufafanua kazi halisi ya jeni hiyo, iitwayo STC1, na kuonyesha kwa nini ufahamu huo unaweza kumdhuru mkaazi wa Kanamkemer, wadi iliyomo katika mji wa Lodwar.

Jeni ni sehemu ya DNA yenye maelezo ya kutengenezea protini. Maelezo hayo hayatumiki moja kwa moja. Kwanza hunakiliwa katika RNA, na nakala hiyo ndiyo isomwayo na seli. Njiani kuna protini nyingine zinazojishikiza kwenye RNA: baadhi huifanya idumu, baadhi huharakisha kuvunjwa kwake, na nyingine huamua isomwe lini na wapi. Kwa hivyo, kuwa na jeni si sawa na kuitumia, kama vile mswada wa tamthilia uliofungiwa kabatini usivyokuwa sawa na tamthilia inayoigizwa jukwaani.

Historia ya STC1 inaanzia mbali na Turkana. Mwaka 1839, mwanazuoni wa Kijerumani Hermann Stannius alieleza kuhusu vijitezi vidogo vilivyo kwenye figo za samaki. Baadaye ilibainika kwamba vijitezi hivyo hutoa homoni inayodhibiti kiasi cha kalisi mwilini mwa samaki. Binadamu hana vijitezi hivyo, ila jeni yenyewe anayo. Imo katika kromosomu ya 8, na protini inayotokana nayo huundwa kwa asidi amino 247. Kwa binadamu protini hiyo hutumika katika viungo vingi, figo zikiwemo.

Mwili unapopungukiwa na maji, ubongo huachilia homoni inayoziamuru figo kuyarudisha maji mwilini badala ya kuyamwaga. Mkojo huwa mchache na mzito. STC1 ni miongoni mwa jeni zinazoitikia amri hiyo katika figo. Kazi yake haiishii hapo. Watafiti wanakadiria kwamba asilimia 70 hadi 80 ya lishe ya wafugaji wa Turkana hutokana na mifugo, yaani maziwa, damu na nyama. Vyakula vya aina hii huacha taka nyingi, zikiwemo yurea na asidi ya yuriki, ambayo ikizidi husababisha jongo. Maji yakiwa haba, taka hizo huzisonga figo kwa nguvu zaidi. Protini ya STC1 inaelekea kuzikinga figo dhidi ya madhara hayo.

Utafiti huo, ulioshirikisha wanasayansi wa Marekani na wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), ulichunguza jenomu kamili 367. Sehemu nane za jenomu zilionyesha dalili za uteuzi asilia, na dalili za STC1 zilikuwa miongoni mwa zilizo dhahiri zaidi. Uteuzi huo unakisiwa kuanza yapata miaka 5,000 iliyopita, wakati kaskazini mwa Kenya ilipokuwa ikikauka na Ziwa Turkana kupungua. Inafaa kukumbuka kwamba wakati huo hapakuwa na jamii iliyojiita Waturkana. Simulizi za Nayece, mwanamke aliyemfuata fahali aliyepotea kutoka kwa Wajie hadi bonde la mto Tarach, ni za karne chache tu zilizopita. Jeni hiyo basi ni kongwe kuliko jina la kabila, na kuiita "jeni ya Waturkana" ni kosa la pili la a-unganifu.

Kosa la kwanza lina uzito zaidi. Takriban asilimia 90 ya watu waliopimwa walikuwa na upungufu wa maji mwilini, ingawa kwa jumla walikuwa na afya njema. Yaani jeni haikuwaondolea kiu, iliwasaidia kuistahimili. Afisa atakayesoma takwimu hiyo na kuhitimisha kwamba kisima cha Turkana kinaweza kungoja atakuwa amegeuza ustahimilivu kuwa sababu ya kunyima.

Hali ni tata zaidi mjini. Aliyehamia Kanamkemer hatembei tena kilomita nyingi akifuata mbuzi na ngamia. Anakula ugali, wali, sukari na mafuta ya kupikia. Figo zake lakini ni zilezile zilizorithiwa kutoka malishoni. Utafiti uliotangulia, wa mwaka 2020, uliwapima Waturkana zaidi ya 1,200 na kuonyesha kwamba waliokuwa wakiishi mijini walikuwa na viashiria vibaya zaidi vya afya ya moyo na umetaboli kuliko wafugaji. Waliobaki vijijini, hata walipoacha kutegemea mifugo pekee, hawakuonyesha tofauti kubwa hivyo. Watafiti wa 2025 wanashuku kwamba mabadiliko ya jeni yaliyowafaa mababu huenda sasa yakachangia shinikizo la damu na maradhi ya figo mjini. Hilo ni dai linaloendelea kuchunguzwa, si hukumu. Si kila mtu ana umbo lilelile la jeni hii, na chakula, mwendo na mahali pa kuzaliwa pia vina nafasi yake.

Watafiti hao walitangaza nia ya kuwarudishia wenyeji matokeo kwa vipindi vya kusikiliza vya Kiturkana. Lodwar, hata hivyo, ni mji wa lugha nyingi, na katika chumba cha daktari mgonjwa na tabibu wasiotoka jamii moja huzungumza Kiswahili. Humo ndimo itakapobidi kusemwa, kwa maneno ambayo mama mwenye shinikizo la damu atayaelewa, kwamba figo zake zilizoea kuhifadhi, na kwamba bado zinahitaji maji.